Chora mti mmoja mwaka mzima, mwongozo kwa wachoraji wa Mombasa

Kama wachora na unaona kazi zako zafanana na za kila mtu, achana na picha za kudauniload kwanza. Chagua mti mmoja hapa hapa Mombasa ukae nao mwaka mzima. Nasema mmoja manake wengi leo wako Fort Jesus kesho Nyali, na mwisho hakuna walichokijua sawasawa.

Ukipenda mistari nenda kwenye mikoko ya Tudor, ila huko lazima ujue maji, yakijaa mizizi yote yapotea na yakipwa yatoka na tope lake, na saa zake zasogea kama dakika 50 kila siku. Ukipenda umbo nenda Mama Ngina ukatafute mbuyu. Mimi ni mtu wa mibuyu kwa hivyo nitakaa hapo.

Siku ya kwanza usichore mti mzima. Sogea mpaka karibu na shina, uchague kipande cha gome kama kiganja chako, uchore hicho tu. Watu wanaupaka mbuyu kahawia kwa mazoea, lakini ukiuangalia kweli utaona kijivu, ndani yake kuna wekundu wa shaba na zambarau kidogo, na pale watu walipochonga majina yao gome limejaa likavimba pembeni mpaka herufi zimepanuka hazisomeki. Ukishakijua kipande hicho, mkono wako hautachora tena shina kama nguzo iliyonyooka.

Halafu jua. Asubuhi latoka baharini laupiga mti upande wa maji, jioni lazama upande wa mji, kwa hivyo kaa pahali pamoja uende nyakati zote mbili, utadhani ni miti miwili. Saa sita mchana usijisumbue, Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua liko utosini na kivuli chote chajikunja chini ya matawi, wakati huo kula mihogo na pilipili upumzike.

Kiangazi mbuyu wapukutisha majani, na hapo ndipo utajifunza matawi, usiikose hiyo miezi. Mvua zikija wavaa tena. Maua yake meupe yafunguka wakati wa magharibi yakining'inia, popo waja usiku, na kesho yake yako chini yamenyauka, kwa hivyo ukitaka kuyachora nenda na mwenzako jioni, usikae pale giza peke yako.

Mbuyu hautoshi kwenye karatasi moja, na hili ni jambo zuri, mti ndio ukuamulie saizi. Mchoraji David Hockney mwaka 2007 alichora miti ya kwao Yorkshire, Uingereza, kwa turubai 50 za kuchorea zilizounganishwa ikawa picha moja. Wewe unganisha karatasi nne za manila kwa kuanzia. Na mchoraji Mfaransa Monet mwaka 1891 alikuwa akichora mipopla kando ya mto Epte, Ufaransa, miti ikawa yauzwa ikatwe mbao, akamlipa mfanyabiashara wa mbao aiache isimame mpaka amalize. Mimi naona hivyo ndivyo mchoraji anavyofaa kuujali mti wake.

Vifaa usinunue vyote. Mkaa wa kuchorea jitengenezee mwenyewe, okota vijiti vikavu vya mwarobaini, vijaze kwenye kopo la bati, funika, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, weka kwenye jiko la makaa mpaka moshi wa tunduni uishe, ngoja kopo lipoe kabisa ndio ufungue, ukifungua mapema hewa yaingia na vyaweza kushika moto ukabaki na jivu. Kwa wino, chemsha majani mekundu ya mti wa mkungu yaliyoanguka, kwenye sufuria kuukuu usiyopikia tena, kisha utie matone ya siki iliyolowekwa misumari yenye kutu wiki nzima, utaona rangi yageuka karibu nyeusi hapo hapo.

Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, saa, na kama ulikuwa upepo wa kusi au kaskazi. Michoro ya mkaa itenganishe kwa karatasi nyeupe na usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, joto na unyevu wa hapa zitakuotea ukungu kabla mwaka haujaisha.