Themanini kwa mia, kweli? Kupima dai la uwiano kwa miche ya mikarafuu

Chukua kitalu cha kubuni huko Pemba kinachodai kwamba asilimia 80 ya miche yake ya mikarafuu huvuka kiangazi cha mwanzo baada ya kupandwa. Masika yameingia, umezunguka makonde ya Wete, umekagua miche 150 na kukuta 108 iko hai. Hiyo ni asilimia 72. Pengo la asilimia 8 limeletwa na bahati ya miche uliyoangukia, au dai lenyewe halisimami?

Kazi inaanza kabla hujatoka nyumbani. Andika nadharia tete mbili, yaani makisio mawili ya kupimwa. Ya msingi inalichukua dai kama lilivyo: p = 0.80, ambapo p ni uwiano wa miche iliyo hai katika miche yote ya kitalu, si katika ile 150 yako. Mbadala inaandika unachoshuku, kwamba uwiano ni mdogo kuliko huo: p < 0.80. Ikiwa huna sababu ya kushuku upande mmoja, andika p ≠ 0.80 na baadaye uzidishe kwa mbili thamani ya p (si uwiano p; ni uwezekano wa kupata matokeo yaliyo mbali na dai kama yako au zaidi, kama dai ni kweli). Kilichokatazwa ni kuhesabu kwanza, kuona matokeo yameelemea wapi, ndipo uchague upande. Anayefanya hivyo anadhani amejiwekea hatari ya asilimia 5 ya kulikataa dai la kweli, kumbe ni 10.

Hatari hiyo ndiyo kiwango cha maana, na wengi huchukua 0.05. Namba hiyo haina utukufu wowote. Ikiwa kulikataa dai kutavunja mkataba wa mtu, shuka hadi 0.01.

Amua pia "hai" ni nini. Mche uliopukutisha majani yote huenda bado haujafa: chuna gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake, uhesabu hai. Mche ulioliwa na mbuzi je? Ukiamua ukiwa kondeni, utaamua kwa moyo, si kwa kanuni.

Kabla ya hesabu, hakikisha sampuli inatosha kwa njia ya z, namba inayoonyesha ulichokiona kiko mbali kiasi gani na dai ukilinganisha na mayumbo ya kawaida ya bahati. Zidisha idadi ya miche kwa uwiano wa dai: 150 × 0.80 = 120; kisha kwa uliobaki: 150 × 0.20 = 30. Yote mawili yafike 10 au zaidi. Na sampuli isizidi sehemu moja ya kumi ya kundi zima, yaani kitalu kiwe kimetoa angalau miche 1,500.

Hesabu yenyewe ni fupi. Hitilafu sanifu, yaani kiasi ambacho uwiano wa sampuli huyumba kwa bahati tu, ni kipeuo cha pili cha 0.80 × 0.20 ÷ 150, sawa na 0.0327. Toa dai kutoka kwenye ulichokiona: 0.72 − 0.80 = −0.08. Gawa kwa hitilafu sanifu, unapata z = −2.45. Ukitaka kujihakiki, tumia idadi badala ya uwiano: ulitarajia miche 120, umepata 108, pungufu 12, gawa kwa kipeuo cha pili cha 150 × 0.80 × 0.20, yaani cha 24. Lazima jibu liwe lile lile. Kwenye jedwali la z, au kwa kuandika =NORM.S.DIST(-2.45,1) kwenye Excel, thamani ya p ni takriban 0.007. Ni ndogo kuliko 0.05, hata kuliko 0.01. Dai linakataliwa.

Wanafunzi wengi hapa huweka 0.72 ndani ya hitilafu sanifu badala ya 0.80. Wakifanya hivyo z inakuwa −2.18 na thamani ya p karibu 0.015, mara mbili ya ile sahihi. Jaribio linauliza dunia ingekuwaje kama dai ni kweli, kwa hiyo mtawanyo unatoka kwenye dai. Namba 0.72 ina kazi yake kwenye kikomo cha uhakika cha asilimia 95, yaani masafa ambamo uwiano wa kweli huenda umo: 0.72 kuongeza au kupunguza 1.96 × 0.0367, yaani kutoka 0.648 hadi 0.792. Kiandike kwenye ripoti pamoja na thamani ya p, maana mkulima anataka kujua ni miche mingapi inakufa, si z yako.

Thamani ya p haisemi kwamba dai lina uwezekano wa 0.007 wa kuwa kweli. Inasema hivi: kama dai ni kweli, na ukaguzi kama huu ukarudiwa mara 1,000, kwa makadirio ya z ni mara 7 hivi tu ungekuta 108 au pungufu.

Sasa fikiria ulikagua miche 50 tu, ukakuta 36 hai. Asilimia ni ile ile 72, lakini z ni −1.41 na thamani ya p 0.079. Hukatai. Hapo usiandike "dai limethibitika". Andika kwamba ushahidi haujatosha kulikataa. Kuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kulishitukia pengo la kutoka 0.80 hadi 0.72, kwa kiwango cha 0.05 upande mmoja, kunahitaji miche ipatayo 168.

Na ikiwa ni miche 20? 20 × 0.20 ni 4, z haifai. Ukikuta 12 hai, z itakupa 0.013, ilhali hesabu kamili ya binomia, inayojumlisha uwezekano wa kila idadi ya miche hai kuanzia 0 hadi 12, inatoa 0.032. Kwenye programu ya R tumia binom.test.

Lakini penye maji marefu ni kwenye uchaguzi wa miche, na hapo jedwali la z halikusaidii. Hesabu yote ya juu inadhani kila mche unakufa kivyake. Konde lenye migomba ya kivuli, miche yake inapona pamoja. Konde lililoingiwa na mchwa, inakufa pamoja. Ukikagua makonde 10 kwa miche 15 kila moja, huna taarifa 150 zinazojitegemea. Kipimo cha upotevu huo wa taarifa ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni miche kwa konde na r ni kiasi cha kufanana kwa miche ya konde moja. Kwa r ya 0.1 tu, kipimo ni 2.4: miche yako 150 ina uzito wa kama 62. Gawa z kwa kipeuo cha pili cha 2.4, inabaki −1.58, thamani ya p 0.057. Dai ulilolikataa asubuhi, jioni huwezi tena kulikataa.

Kwa hiyo omba kwa sheha, kiongozi wa eneo, orodha ya waliochukua miche, wapange namba, chagua makonde 30 kwa kura ya bahati, kila moja kagua miche 5 iliyochaguliwa kwa kura pia, si iliyo karibu na njia. Miche ni 150 ile ile, mguu ndio utakaochoka zaidi. Kipimo kinashuka hadi 1.4, na kwa matokeo yale yale ya 108, z ni −2.07 na thamani ya p 0.019.