Kuhamisha ofisi kutoka Dar kuja Tanga: mkataba wa pango kwanza, lori mwisho

Nimemaliza kumsaidia rafiki yangu anayeuza vipuri vya malori kuhamisha kampuni yake kutoka Dar es Salaam kuja hapa Tanga. Tangu bandari yetu ichimbwe kina na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lielekezwe Chongoleani hapa Tanga, wenye magari wengi wamehamia huku, naye akawafuata wateja wake. Kazi yangu ni hesabu na mambo ya kodi, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi. Habari ya rangi za kuta na mpangilio wa meza mtapanga wenyewe.

Hatua ya 1: Amua, unahama au unafungua tawi

Leseni ya biashara hufungamana na mahali. Ukibakiza hata chumba kimoja Dar kinachouza, unabaki na leseni mbili, mapango mawili na ushuru wa huduma kwa halmashauri mbili. Wengi husema "tutaacha meza moja Kariakoo kwa muda", na muda huo hauishi. Kama wateja wako wako huku, hama mzima mzima. Andikeni uamuzi huo kama azimio la wakurugenzi na mlitie saini, maana mtaombwa kuuonyesha baadaye.

Hatua ya 2: Chagua eneo

Mjini karibu na bandari kama unahudumia meli na forodha. Kange kama unategemea stendi na magari ya mikoani. Ngamiani kama unataka wateja wa miguu. Raskazone ni pazuri na patulivu, lakini duka halitaki utulivu. Nyumba za zamani za katikati ya mji zina kuta nene: ingia na simu hadi chumba cha ndani kabisa, piga, fungua intaneti, ndipo uulize bei.

Hatua ya 3: Mwenye nyumba na mkataba

Soma hatua hii polepole, hata kama zilizobaki utazipitia juu juu. Makaratasi yako yote ya Tanga yanaanzia kwenye mkataba wa pango. Leseni inataka uthibitisho wa kodi kutoka TRA (mamlaka ya mapato), TRA wanataka mkataba wa pango wa jengo jipya, na mkataba hauna nguvu kama aliyeutia saini si mwenye haki ya kupangisha. Ukikosea hapo, kila dirisha utakalofika litakurudisha nyuma. Ndiyo maana mimi huchagua mwenye nyumba kabla ya kuchagua nyumba.

Nyumba nyingi za mjini kwetu ni za familia. Mzee alishafariki, watoto wako Dar, Mombasa na Muscat, na anayekuonyesha vyumba ni mjukuu mwenye funguo. Huyo kijana anaweza kuwa mkweli kabisa na bado hana mamlaka. Omba kuona hati ya nyumba. Ikiwa jina lililomo ni la marehemu, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na anayetajwa humo ndiye atakayesaini. Wakiwa wasimamizi wawili, wasaini wote wawili. Barua ya ukoo iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haitoshi, hata wakikuapia. Kwenye kazi hii ya juzi nyumba ya kwanza ilitupendeza sana, na dada mmoja wa familia akapiga simu kutoka nje kusema hajashirikishwa. Tuliiacha siku hiyo hiyo, na ningemshauri yeyote afanye hivyo, hata kama pango lake ni nusu ya bei.

Suala la pili ni TIN (namba ya mlipakodi) ya mwenye nyumba. Wewe kama kampuni unatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA, na huwezi kuipeleka vizuri bila TIN yake. Hapa ndipo mazungumzo huharibika, kwa sababu mwenye nyumba akisikia "TRA" anadhani umekuja kumchongea. Msilimalize jambo hili kwenye simu. Nendeni nyumbani kwake, mtu mzima miongoni mwenu atangulie, mpeni shikamoo, kaeni, nyweni chai, kisha mweleze kwa hesabu:

Pango likiwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na unalipa miezi 6, jumla ni 6,000,000. Zuio ni 600,000, mkononi anapokea 5,400,000, na zile 600,000 zimelipwa kwa jina lake, si kwa jina lako. Mpe cheti cha zuio, kwani kinamhesabia kwenye kodi yake. Akisisitiza kwamba anataka milioni yake kamili kila mwezi, gawa 1,000,000 kwa 0.9: pango la kwenye mkataba linakuwa 1,111,111, na hapo wewe ndiye umeubeba mzigo. Jueni mnakubaliana lipi kabla ya kuandika, kisha mwandike kwa maneno wazi: "pango hili ni kabla ya kukata kodi ya zuio". Mkataba usiosema kitu huzaa ugomvi siku ya kulipa tena.

Naomba usikubali mikataba miwili, mmoja wa kweli na mwingine "wa kuonyesha TRA" wenye pango dogo. Mkigombana, ule uliopelekwa TRA ndio utakaosomwa, na pesa uliyolipa zaidi ya ilivyoandikwa humo ni vigumu kuidai.

Baada ya saini, lipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa upate barua ya utambulisho.

Kabla hujatoa hela, nunua umeme kidogo kwenye mita ya nyumba hiyo. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kama kuna deni la nyuma utaliona pale pale. Uliza pia kama mita ni yako peke yako au mnachangia na saluni ya jirani. Mimi sikubali mita ya kuchangia kwa ofisi.

Hatua ya 4: TRA, BRELA na leseni

Wasilisha ritani (taarifa za kodi) zote zilizobaki, kisha omba TRA wahamishe taarifa zako kuja Tanga. Faili lenye ritani pungufu halitembei. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, badilisha anwani ya ofisi iliyosajiliwa kwa mtandao. Leseni ya halmashauri unaiomba kupitia mfumo wa TAUSI, na ile ya kundi A (biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa) kupitia BRELA. Usisahau kuwajulisha NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi).

Hatua ya 5: Wafanyakazi

Waambie mapema, kabla hawajasikia kwa dereva. Mahali pa kazi ni sehemu ya mkataba wa ajira, kwa hiyo kuwahamisha ni mabadiliko ya mkataba: kaa na kila mmoja, mkubaliane, mwandike. Asiyeweza kuja, pengine ana mzazi mgonjwa Mbagala, hajaacha kazi. Huyo unampunguza kwa kufuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: taarifa, mashauriano, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Kumwandikia barua ya "utoro" kwa sababu hakupanda basi ni dhuluma, na CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) wataona hivyo pia.

Wenye watoto shuleni wapange kuhama Juni au Desemba.

Hatua ya 6: Tarehe na lori

Hama kati ya tarehe 21 na mwisho wa mwezi. Muda wa kulipa PAYE (kodi ya mishahara) na kodi ya zuio huisha tarehe 7, VAT tarehe 20, na hutaki kompyuta za mhasibu ziwe ndani ya maboksi siku hizo. Epuka Machi hadi Mei, masika haina huruma na makaratasi. Fuso moja yenye turubai zima inatosha ofisi ya kawaida. Ukitokea upande wa Tegeta, pita Bagamoyo hadi Msata ndipo uelekee Segera, utaepuka foleni za Kibaha. Mafaili ya kodi na kompyuta yenye hesabu yasipande lori, yaje nawe kwenye gari dogo.

Mashine ya EFD (ya risiti za kodi) isitoe risiti Tanga hadi wakala wake abadilishe anwani kwa idhini ya TRA. Risiti ya kwanza isome mstari kwa mstari kabla hujampa mteja, na siku hiyo hiyo ijulishe kampuni ya bima kwamba mali sasa iko kwenye jengo jipya.