Kupiga mazungumzo ya watu wawili: kamera isimame wapi?

Kuna kijana hapa Moshi nimekuwa nikimsaidia kupiga filamu fupi. Mama amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, mwanawe amesimama mbele yake, anataka kihamba, yaani shamba la ukoo, kiuzwe. Nitaeleza kwa kutumia tukio hilo.

Hatua ya 1: Amua tukio ni la nani

Hili ni la mama. Engo zote zitafuata uamuzi huo.

Hatua ya 2: Anza na picha pana, mapema

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hufunikwa na mawingu upesi, kwa hiyo ukiuhitaji mlima, piga asubuhi na mapema. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo hata ukihamia ndani taa hazitapepesa.

Hatua ya 3: Chora mstari

Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Fikiria mstari kutoka macho ya mama hadi macho ya mwana. Chagua upande mmoja, kamera ibaki huko. Mama akitazama kulia kwa fremu, mwana atatazama kushoto, na mtazamaji ataamini wanatazamana. Ukivuka, wote watatazama upande mmoja kama wanaosema na mtu wa tatu. Usitegemee kugeuza picha wakati wa kuediti: maandishi ya fulana yatasomeka kinyume na kisu kitahamia mkono mwingine.

Moshi tuna alama ya bure. Mlima uko kaskazini. Wapange wahusika mmoja mashariki, mwingine magharibi, kamera ikae kusini. Ukimpiga kila mmoja juu ya bega la mwenzake, nyuma yake uone upande wa mlimani. Ukiona tambarare za kusini, za kuelekea TPC kwenye mashamba ya miwa, umeshavuka, rudi. Mlima ukijificha, chagua mgomba mmoja uwe alama yako.

Mhusika akihama, mstari unahama naye. Mwana akizunguka nyuma ya mama, usikate. Mtazamaji amwone akihama, kisha hesabu mstari mpya. Akiingia jirani, fuata mstari wa wanaosemezana wakati huo.

Kuvuka kwa makusudi kunafaa pale uhusiano unapovunjika, mfano mwana anapokiri kwamba ameshapokea malipo ya awali. Fanya mara moja tu. Ukifanya mara mbili, mtazamaji atadhani hujui.

Hatua ya 4: Urefu wa kamera

Shusha stendi hadi usawa wa macho ya mama aliyekaa. Kutoka hapo mwana ataonekana mrefu, mzito, amemfunika. Wengi wakigeuka kumpiga mama hupandisha kamera wamtazame kutoka juu, kama mwana anavyomwona. Mimi sikubali. Ukifanya hivyo umemnyang'anya mama tukio lake. Ibaki usawa wa macho yake: atishwe, asidogoshwe.

Hatua ya 5: Picha ya karibu

Itunze. Itumie mwana anapotaja bei: kisu kinasimama katikati ya ganda, utomvu umeganda vidoleni. Lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha. Kwa simu, usivute picha (zoom) kwa vidole, sogea mwenyewe. Na tumia stendi. Mkono wa mama ndio utikisike, si kamera.

Ukiwa hapo hapo, piga pia kisu kikiendelea kumenya. Ukifika kwenye kuediti, picha hizo mbili ndizo zitakazokuruhusu kuchagua kama mama amekubali au amekataa.