Diski inakufa? Inakili kwanza, matengenezo baadaye

Folda inachukua dakika nzima kufunguka. Faili linaganda katikati ya kunakiliwa. Kwenye Linux, amri ya `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo, inarudisha mistari mingi yenye maneno `I/O error`. Hapo wengi hukimbilia `fsck` au `chkdsk`, na hapo ndipo mafaili yaliyokuwa bado yanasomeka hupotea. Programu hizo zimeundwa kurekebisha mfumo wa mafaili ulioko kwenye diski isiyo na hitilafu. Zikikutana na diski mbovu, zinaandika juu yake, zinafuta maelezo ya mafaili ziliyoshindwa kuyasoma, na kukuachia rundo la vipande visivyo na majina ndani ya folda kama `lost+found`. Kila sekta (kipande kidogo cha hifadhi ya diski) mbovu zinayoigusa inaichosha diski zaidi, kwa sababu diski yenyewe hurudia kusoma mara nyingi kabla ya kukiri imeshindwa.

Njia salama ni kunyonya diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya GNU ddrescue, kisha kuhangaika na nakala.

Kabla ya yote, sikiliza. Diski ya kuzunguka inayogonga tik-tik-tik kwa mfululizo ina tatizo la vichwa vya kusomea, na hakuna programu itakayolitatua. Zima umeme. Kama data ni ya thamani kubwa, hiyo ni kazi ya maabara ya uokoaji. Na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza achana nao: unyevu utaganda juu ya sahani zinazozunguka ndani yake.

Kama haigongi, ipime kwa `smartctl`, amri inayosoma rekodi za afya za diski, kutoka kifurushi cha smartmontools:

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Ikiwa imeunganishwa kwa adapta ya USB na amri inakataa, ongeza `-d sat`. Usitulizwe na neno `PASSED` lililo juu. Hukumu hiyo hufuata viwango alivyoweka mtengenezaji, na diski yenye mamia ya sekta mbovu inaweza kuendelea kuipata. Tazama namba 5 (sekta zilizokwisha kuhamishwa), 197 (zinazosubiri kuamuliwa) na 198 (zilizoshindikana). Zikiwa juu ya sifuri na zinapanda, diski inaondoka. Lakini kama hizo tatu ni sifuri na inayopanda ni 199 (makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta), mshukiwa wa kwanza ni kebo. Badilisha kebo ya SATA, kisha uangalie kama 199 imesimama palepale. Haishuki kamwe, kwa hiyo kinachohesabika ni kama inaongezeka.

Sasa maandalizi. Unahitaji diski nyingine iliyo kubwa kuliko ile mgonjwa, hata kama mgonjwa ana nafasi tupu tele, kwa kuwa ddrescue hunakili sekta zote bila kujua ipi ina faili na ipi haina. Hiyo ya pili, si mgonjwa, ifomati kwa ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux). FAT32 haifai kabisa: faili lake moja halivuki GB 4. Kama diski mgonjwa ndiyo yenye mfumo wa kompyuta, usiiwashe tena kwa mfumo huo, maana kila unapoingia inaandikwa. Washa kompyuta kwa flashi yenye SystemRescue, ambayo tayari ina ddrescue, smartctl na TestDisk. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint kifurushi kinaitwa `gddrescue`, ingawa amri yenyewe ni `ddrescue`. Kwenye Fedora na Arch kinaitwa `ddrescue` tu.

Ukitumia mazingira ya GNOME, zuia diski isipachikwe (mount, yaani kufunguliwa ili mafaili yatumike) yenyewe inapochomekwa:

`gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false`

Kisha zitambue diski zako kwa namba ya mfululizo, si kwa herufi:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINTS`

Iliyoitwa `sda` leo inaweza kuamka ikiitwa `sdb` baada ya kuzima na kuwasha. ddrescue hupokea chanzo kwanza, kisha mahali pa kuweka nakala, kisha ramani (faili linalokumbuka kazi imefika wapi). Ukinakili diski kwenda diski moja kwa moja na ukageuza mpangilio huo, utaandika utupu juu ya data unayoiokoa, kwa hiyo ni heri kunakili kwenda kwenye faili kama hapa chini. Hapo `/mnt/salama` ni mahali ulipopachika diski ya pili. Soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Mzunguko wa kwanza:

`sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/salama/diski.img /mnt/salama/diski.map`

Alama ya `-n` inaiambia ichukue vilivyo rahisi na isichokonoe maeneo mabovu. Hapa ndipo ddrescue inapoizidi `dd`, amri ya kawaida ya kunakili. Ikikwama inaruka mbele, inakusanya maeneo yaliyo mazima, na kuandika kwenye `diski.map` ni wapi imefika, wapi imeruka na wapi imeshindwa. Kwa diski inayoweza kuzimika moja kwa moja saa yoyote, kuchukua asilimia 98 mapema kuna maana kuliko kupigania sekta tatu za mwanzoni.

Faili hilo la ramani ndilo roho ya kazi. Kwa sababu lipo, unaweza kubonyeza Ctrl+C, kuzima, kusubiri diski ipoe, na kurudia amri ileile. Itaendelea pale ilipoishia. Bila ramani unaanza upya. Hakikisha linakaa kwenye diski halisi: mfumo unaoendeshwa kutoka flashi huweka folda zake kwenye RAM, na ukizima ramani imekwenda.

Muda unategemea njia. Kwa USB 2.0, inayopitisha takriban MB 35 kwa sekunde, diski ya GB 500 iliyo nzima huchukua kama saa 4. Mbovu huchukua zaidi, hata siku kadhaa. Kama unaweza kuichomeka kwenye SATA ya ndani, fanya hivyo. Elekeza feni kwenye diski. Ikitoweka kwenye `lsblk` katikati ya kazi, simamisha, ikate umeme, iache ipoe, ndipo uendelee.

Mzunguko wa pili unarudi kwenye maeneo magumu, kwa kutumia mafaili yaleyale mawili:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/salama/diski.img /mnt/salama/diski.map`

`-d` inapita kando ya akiba ya kumbukumbu ya keneli (kiini cha mfumo) ili kusoma sekta zenyewe, na `-r3` inarudia sekta zilizoshindikana mara tatu. Kikibaki kitu, ongeza `-R` isome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mara nyingine sekta iliyogoma upande mmoja hukubali upande mwingine. Marudio ya mamia hayana faida nyingi, na yanaweza kuimaliza diski. Kiasi kilichookolewa utakiona kwa `ddrescuelog -t diski.map`.

Chomoa mgonjwa. Kuanzia hapa unafanya kazi na nakala, na kwa kuisoma tu. `losetup` hulifanya faili lionekane kama diski:

`sudo losetup -r -P -f --show /mnt/salama/diski.img`

Amri itakujibu kwa jina kama `/dev/loop0`, na patisheni zake zitakuwa `loop0p1`, `loop0p2` na kuendelea. Ipachike:

`sudo mount -o ro,noload /dev/loop0p1 /mnt/angalia`

`noload` ni ya ext4. Bila hiyo mfumo utataka kwanza kukamilisha mabadiliko yaliyobaki kwenye jarida lake kwa kuyaandika, na hauwezi. Kwa NTFS acha `ro` peke yake.

Ikikataa kupachikwa, tengeneza nakala ya nakala kwa `cp --sparse=always diski.img jaribio.img`, iunganishe kwa `losetup` bila `-r`, na sasa `e2fsck -f -y` ina ruhusa ya kufanya itakavyo. Ikilalamika kuhusu superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa mafaili), jaribu `-b 32768`, mahali ambapo ext4 yenye bloku za baiti 4096 huweka nakala ya akiba. Jedwali la patisheni likiwa limepotea, TestDisk hulitafuta. PhotoRec iwe ya mwisho: hutambua picha na nyaraka kwa alama za mwanzo wa faili, kwa hiyo majina na folda hupotea na kila kitu kinarundikwa kwenye `recup_dir.1`, `recup_dir.2` na kuendelea.

Faili kufunguka si uthibitisho kwamba ni zima. Kujua yapi yameguswa na sekta mbovu, chukua nakala mpya ya `diski.img` na ya ramani, uziite `alama.img` na `alama.map`, kisha uyajaze maeneo yaliyoshindikana kwa neno utakalolitambua:

`printf "SEKTA-MBOVU " > neno.txt`

`ddrescue --fill-mode=- neno.txt alama.img alama.map`

Pachika `alama.img` kwa kusoma tu, halafu `grep -rl "SEKTA-MBOVU" /mnt/angalia`. Orodha itakayotoka ndiyo ya kutafutwa kwenye bekapu za zamani.

Kwa SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) hatua ni zilezile, ila matarajio yapunguze. Nyingi hazichakai taratibu bali huzimika ghafla, zisionekane tena kwenye `lsblk`. Na faili lililofutwa kwenye SSD yenye TRIM (amri inayoiambia SSD kwamba nafasi ya faili lililofutwa haihitajiki tena) kwa kawaida halirudi hata kwa PhotoRec.

Diski iliyokwisha kunyonywa usiirudishe kazini kuhifadhi lolote, hata ikionekana imetulia baada ya kufomatiwa. Ikiwa ilikuwa na siri, `shred`, amri ya kufuta kwa kuandika juu, haitoshi: sekta zilizohamishwa haziguswi tena na amri za kawaida, na data yake inaweza kubaki humo. Toboa sahani zake.