Namna ya kutanua tundu la kikalio cha rili cha mbao bila kukipasua

Mtu anayejiundia fimbo ya kuvulia hapa Mtwara hukutana mapema na tatizo hili: kikalio cha rili, yaani kile kipande cha mbao chenye tundu katikati ambacho mguu wa rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) hukaa juu yake, hakiingii kwenye ufito, yaani mti wenyewe wa fimbo. Vikalio vingi vya mbao vinavyouzwa vimetengenezwa kwa ajili ya fimbo nyembamba za kuvulia mitoni, na tundu lake huwa na upana wa inchi 3/8, ambayo ni sawa na milimita 9.5. Ufito unaofaa kumvuta kolekole kutoka kwenye miamba ya Msimbati huwa mnene zaidi ya hapo kwenye shina, mara nyingi milimita 11 hadi 13. Tundu litanuliwe, na ufito usiguswe kabisa. Anayeukwangua ufito wa kaboni au wa faibaglasi ili uingie huwa anakata nyuzi zilezile zinazobeba mzigo wa samaki, na fimbo itakuja kukatika mahali hapo.

Kazi huanza kwa vipimo. Ufito hupungua unene kadiri unavyopanda kuelekea ncha, kwa hiyo upime mahali pawili: pale ambapo mwisho wa chini wa kikalio utakaa, na pale ambapo mwisho wake wa juu utafika. Kalipa ya vernia ndiyo kifaa bora. Asiyekuwa nayo anaweza kulipima tundu kwa kuingiza mikia ya biti za keekee moja baada ya nyingine. Mkia wa mwisho unaoingia bila kulegea ndio kipimo chake. Halafu pima unene wa kikalio chenyewe kwa nje na ufanye hesabu kabla ya kugusa chombo chochote. Kikalio chenye unene wa milimita 17 kikitanuliwa tundu hadi milimita 13, ukuta unaobaki kila upande ni milimita 2 tu, tena upande uliochimbwa mfereji wa kupokea mguu wa rili huwa mwembamba kuliko hapo. Mimi sikubali kushuka chini ya milimita 2 kwenye mfereji huo. Hesabu ikionyesha kwamba utashuka, tafuta kikalio kinene zaidi au chonga kingine.

Baada ya vipimo, ondoa vyuma vyote: pete inayoteleza, kofia ya mwisho na skrubu zake. Chuma kilichobaki kwenye mbao huishika vibaya wakati wa kupekecha, na kofia nyingi hukwaruzwa bure kwa sababu fundi alikuwa na haraka.

Sasa nieleze kwa nini siipendi drili ya umeme kwa kazi hii. Biti ya kawaida imeundwa kuanza tundu kwenye mbao nzima, ambako ncha yake huiongoza. Ndani ya tundu lililokwisha kuwapo, ncha haina pa kukaa. Zinazofanya kazi ni kingo za pembeni peke yake, na kingo hizo hupenda kung'ata mbao kwa ghafla, hasa biti inapokaribia kutokeza upande wa pili. Kikalio changu cha kwanza kilikuwa cha mpingo, nami nilikishika kwa mkono huku nikiruka moja kwa moja kutoka milimita 9.5 hadi 12. Biti iling'ata, kikalio kikazunguka mkononi, na ufa ukakimbia kufuata nyuzi za mbao hadi kwenye mfereji. Mpingo ni mbao ngumu sana, nzito kiasi cha kuzama majini, lakini ugumu huo hauizuii kupasuka. Mbao ngumu na kavu haina ulaini wa kusamehe kosa.

Ikiwa huna budi kutumia drili, tumia ile ya kusimama mezani, kwa mwendo wa polepole, na upandishe biti nusu milimita kwa kila hatua. Kikalio kibanwe kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao laini vilivyochimbwa mfereji wa umbo la V, na ndani yake kuwekwe kipande cha mpira wa tairi ili kisichubuke. Kaza kiasi cha kukizuia kisizunguke, basi, kwa maana jiliwa lililokazwa kupita kiasi hupasua mbao lenyewe kabla ya biti kufika. Itoe biti mara kwa mara ili unga wa mbao utoke, kwani unga uliojazana huleta joto, na joto huufanya mpingo upate nyufa ndogo ambazo hutaziona mpaka siku utakapopaka vanishi.

Njia ninayoiamini ni kijiti cha msasa. Chukua kipande cha ufito wa zamani uliokatika, chenye mnyooko kama wa ule unaoujenga lakini chembamba kidogo kuliko tundu la sasa. Kata msasa wa namba 80 uwe ukanda wa upana wa sentimita 2, upake gundi nyuma, kisha uuzungushe kwenye kijiti kwa mshazari kama mtu anavyofunga bendeji, bila kuacha kingo zipandane, kwa sababu mahali zinapopandana ndipo patakapochimba shimo. Gundi ikikauka, ingiza kijiti kwenye tundu na ukizungushe kwa mkono huku ukikisukuma na kukivuta taratibu. Baada ya kila mizunguko ishirini hivi, geuza kikalio robo duara mkononi, ili uzito wa mkono wako usielemee upande mmoja na kulihamisha tundu kutoka katikati. Tundu likipanuka, ongeza tabaka la karatasi chini ya msasa na uendelee. Kazi inaweza kuchukua saa nzima kwa mninga, na zaidi ya hapo kwa mpingo au mkongo. Saa hiyo si hasara.

Tupa ya duara nayo inafaa kwa kupunguza haraka, ila ina tabia moja ya kuangaliwa. Kwa kuwa imechongoka, ukiiingiza kutoka kila upande hutanua midomo ya tundu na kuacha katikati pembamba, kama kiuno cha nyigu. Ufito utaingia vizuri mwanzoni, kisha utakwama, nawe utadhani tundu zima bado ni dogo. Ili kujua mahali hasa panapobana, paka chaki ya ubaoni kwenye ufito, usukume kwenye tundu mpaka ugome, kisha uutoe na kuuangalia kwenye mwanga wa dirisha. Chaki iliyofutika na kung'aa inaonyesha panapogusa. Hapo ndipo pa kupelekea msasa, na si kwingine.

Usiishie kulitanua tundu pale ambapo ufito unaingia kwa kubana kabisa. Gundi ya epoksi inahitaji nafasi, na tundu lililobana hukwangua gundi yote na kuiacha nje. Lenga tundu lizidi ufito kwa takriban nusu milimita, yaani robo milimita kila upande. Ikiwa umezidisha, zungushia ufito tepu ya karatasi mahali pawili au patatu mpaka ukae katikati, na uache nafasi kati ya tepu hizo ili gundi iguse mbao na ufito pamoja.

Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo vaa barakoa na ufanyie kazi barazani, penye upepo. Mpingo pia una mafuta yake ya asili yanayozuia gundi kushika. Futa ndani ya tundu kwa kitambaa chenye asetoni, subiri ikauke, kisha gundisha siku hiyohiyo.

Chagua epoksi inayokauka polepole badala ya ile ya dakika tano, kwa sababu joto la Mtwara huharakisha kuganda na utahitaji muda wa kunyoosha. Paka gundi ndani ya tundu lote, kutoka mdomo hadi mdomo, na si kwenye ufito peke yake. Tabaka hilo ndilo litakalozuia unyevu wa masika usiingie kwenye mbao iliyochunwa upya na kuifanya ivimbe. Ingiza kikalio huku ukikizungusha, funga rili, kisha tazama kutoka nyuma ya fimbo hadi nchani na ukigeuze kikalio mpaka mguu wa rili na pete za mshipi vikae kwenye mstari mmoja. Futa gundi iliyotoka kwa spiriti, fungua rili kabla haijashikana na mfereji, na uisimamishe fimbo wima kwa saa 24.