Somo: Kukagua ganda la mtumba la injini ya Porsche 911 kabla hujatoa pesa

Tangu dereva marehemu Björn Waldegård ashinde mbio za magari za East African Safari Classic za 2011 akiwa ndani ya 911, haupiti mwezi bila mtu kunitumia picha ya tangazo na swali lile lile: "Fundi, hii vipi?" Leo najibu kwa pamoja.

Kwanza tuelewane. 911 ya kupozwa kwa hewa haina bloku kama ya Corolla yako. Ina ganda la nusu mbili, kushoto na kulia, zinazokumbatia krenki katikati. Silinda sita zinakaa nje yake, zimebanwa na stadi 24, yaani boliti ndefu zisizo na kichwa. Hizo stadi 24 zishike akilini.

Hatua ya 1: Jua ni madini gani. Magari ya mwanzo yalikuwa na ganda la alumini. Kuanzia 1968 Porsche wakahamia magnesiamu ili kupunguza uzito, na 911 SC ya 1978 ikarudi kwenye alumini. Turbo ya 1975 na Carrera 3.0 zilikuwa zimetangulia kurudi. Sumaku haikusaidii, haishiki lolote kati ya hayo mawili. Mimi natumia siki ya jikoni. Kwangua mahali padogo chini ya ganda, kama ukucha wa kidole gumba, mpaka pang'ae, kisha dondosha tone moja. Magnesiamu inatoa vipovu papo hapo kama soda iliyofunguliwa. Alumini inakutazama tu. Suuza, kausha, paka oili kidogo.

Hatua ya 2: Soma namba mbili, usizichanganye. Ya kwanza imechomoza, imetoka na kalibu. Ya magnesiamu inaanza na 901, na ikiishia 7R changamka: hayo ni ya mwisho mwisho na yameongezwa nguvu. Ya SC na Turbo inaanza na 930. Namba ya pili imegongwa kwa nyundo, upande wa kulia wa feni. Hiyo ndiyo namba ya injini. Pitisha ukucha juu yake. Kama uso ule ni laini kuliko chuma kinachouzunguka, au tarakimu zimelewa, mtu ameupiga msasa na kugonga upya. Hilo hutokea zaidi pale namba inapodaiwa kuwa ya Carrera RS ya 1973, na sababu ni bei yake kubwa.

Hatua ya 3: Nusu mbili ziwe ndugu. Kiwanda kilizichonga zikiwa zimefungwa pamoja, kikagonga namba ile ile kwenye kila nusu. Miaka ya nyuma niliuziwa na muuzaji mmoja wa Ulaya nusu mbili safi ajabu, kila moja na namba yake. Niliziona namba, nikajiambia fundi lethi atanyoosha. Mpaka leo zinashikilia mlango wa stoo.

Hatua ya 4: Matundu ya stadi. Hapa usiwe na haraka. Magnesiamu ikipata joto inalegea, nayo stadi ya chuma haitanuki sawasawa na kile inachokibana, kwa hiyo inavuta uzi mpaka unang'oka. Injini za lita 2.7 ndizo zimeumia zaidi, hasa zile za soko la Marekani za 1975 hadi 1977 zilizofungwa vifaa vya kuchoma moshi, vilivyoongeza joto. Omba picha ya kila tundu. Ukiona bushi ya chuma ndani, uliza: zimewekwa zote 24, au yale mabovu tu? Mabovu tu maana yake kazi bado.

Hatua ya 5: Bei. Bei ya tangazo si bei ya mauzo. Tuseme, kwa mfano tu, ganda lililokwisha kutengenezwa linauzwa yuro 4,000. Toa gharama ya kunyoosha njia ya krenki, toa bushi 24, toa usafiri na ushuru. Kinachobaki, mimi hukata robo tena kwa ajili ya yale ambayo picha haionyeshi. Muuzaji akinuna, mwache.

MASWALI

*Mwanachama, Mombasa:* Kaka, ganda limepigwa mchanga, jeupe kama jipya. Ni nzuri hiyo?

*Jibu:* Mimi naogopa hizo kuliko chafu. Chembe zikibaki kwenye njia za oili zitakula beringi. Uliza kama vizibo vya njia hizo vilitolewa na kuoshwa ndani. Kama havikutolewa, gharama hiyo iondoke kwenye bei.

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Shikamoo fundi. Gari la 1973 la marehemu baba, ganda limepasuka. Nikiweka la SC, thamani itashuka?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Kwa wanunuzi wanaotaka namba asilia, ndiyo. Kwa hiyo lile la baba usiliuze chakavu hata likiwa vipande viwili. Lipake oili, lifunge, liende na gari popote. Na kadi ya gari ina namba ya injini, ukabadilishe kabla ya kuuza, si baada.

*Mwanachama, Nairobi:* Magnesiamu inachomelewa?

*Jibu:* Inachomelewa, kwa gesi ya agoni na mkono uliozoea. Lakini vumbi na machicha yake yanashika moto, na ukiyamwagia maji unayachochea. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, na kama fundi wako hana ndoo hiyo, beba ganda lako uondoke.