Namna ya kuchagua nyuzi za gitaa la besi, na kuzifunga zikae

Kijana mmoja wa kwaya alinifuata nyumbani na besi yake mgongoni. "Shikamoo kaka. Hii besi imechoka, nataka niiuze niongezee hela nichukue nyingine." Nikaichomeka kwenye amplifaya, nikapiga E, ule uzi mnene kuliko wote, bila kubana freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Ikatoa "dup", kama mtu kagonga boksi, ikakata hapo hapo. Nikapitisha ukucha chini ya uzi wa A, upande ule unaogusa freti. Ukucha ukadumbukia kwenye kishimo juu ya freti ya tatu, ukadumbukia tena freti ya tano. Nyuzi zile zilikuwa na miaka minne. Nikamwambia, "Mdogo wangu, besi yako ni nzima. Nyuzi ndizo zimekufa."

Tulizibadilisha siku hiyo hiyo, na besi hakuiuza. Naandika mwongozo huu kwa sababu kila mwaka nakutana na watu wa namna yake. Mtu anajinyima kununua gitaa jipya au spika kubwa, wakati sauti anayoitafuta ilikuwa kwenye pakiti ya nyuzi. Ila pakiti yenyewe uijue, maana ukichukua yoyote iliyoko kaunta unaweza kupoteza hela na sauti usiipate.

Hatua ya 1: Pima urefu

Chukua futi ya fundi cherehani. Anzia kwenye ile pau ndogo yenye vijia vinne, shingo inapokutana na kichwa, unyooshe mpaka freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Ukipata inchi 17, besi yako ni ya inchi 34, yaani sentimita 86 na ushee. Ndio urefu wa Precision Bass ya kampuni ya Fender iliyotoka mwaka 1951, na besi nyingi tunazopiga zinaufuata hadi leo. Ukipata inchi 15, unayo besi fupi ya inchi 30. Baadhi ya besi za nyuzi tano hufika 35.

Urefu huu huandikwa kwenye pakiti, usiupuuze. Nyuzi za besi fupi hazifiki kwenye besi ndefu. Ukifanya kinyume chake, ile sehemu nene ya uzi inalazimika kuzunguka kwenye kigingi, kile cha kichwani cha kukazia uzi, na hapo ndipo unakatika au unagoma kushika tyuni. Angalia pia kama nyuzi zako zinapita kwenye daraja tu, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, au zinatokea nyuma ya mwili wa gitaa. Zikitokea nyuma, chagua ndefu zaidi.

Hatua ya 2: Amua unapiga wapi na nini

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, maana uamuzi huu unabadilisha sauti kuliko mwingine wowote.

Kila uzi wa besi una kiini cha chuma, na juu yake umezungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa mviringo, uzi unaitwa raundiwaundi. Pitisha kidole utasikia mikwaruzo. Ukiwa bapa kama utepe, unaitwa flatiwaundi, na kidole kinateleza kama juu ya kioo. Besi za umeme za mwanzo zilifungwa flati. Raundi zilishika kasi miaka ya 1960, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza kwa kushirikiana na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya roki ya The Who, aliyetaka besi ing'ae kama nyuzi za piano.

Raundi zina makali, noti inaendelea kulia muda mrefu, na kelele za vidole zinasikika. Flati zina sauti nene, ya mviringo, inayopiga kama ngoma halafu inajiondokea. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alitumia flati nene za La Bella, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Jambo hili watu hulisahau: raundi hufa zikizeeka, flati huiva.

Kwa dansi la zilipendwa, mimi ni mtu wa flati. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likianza, gitaa la solo na rithimu yanacheza juu kabisa, tarumbeta zinaingia, waimbaji wanaitikia. Kule juu kumejaa. Flati inakaa chini na ngoma, inawaachia wenzako nafasi, na mcheza dansi anaisikia tumboni. Ukiwa na raundi mpya kwenye bendi kama hiyo unajikuta unagombana na rithimu.

Lakini kama unapiga kanisani au ukumbini kwenye spika ndogo, nitakushauri raundi, na sababu yake uielewe. E ya besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya inchi nane au kumi, hasa ya bei nafuu, haiwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu. Unachosikia ni zile sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyo hiyo, na sikio linakamilisha ya chini lenyewe. Raundi zina sauti hizo kwa wingi, flati zinazo chache. Ndiyo maana mtu anafunga flati akifuata uzito, halafu mtu wa mitambo anamwambia, "Besi haisikiki." Ukipiga kwa kuchapa nyuzi kwa gumba pia, raundi.

Kuna aina ya tatu, nyuzi zilizofunikwa nailoni nyeusi. Usiogope kwamba nailoni haishikwi na pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, maana kiini ndani bado ni chuma. Ni laini mno kwa vidole, na nimezipenda kwenye taarabu, pale besi inapotakiwa kutembea chini ya fidla bila kukwaruza. Kwa besi isiyo na freti, nailoni au flati zinalinda ubao wa shingo. Raundi huukwangua polepole. Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, alitumia raundi kwenye besi isiyo na freti, lakini ubao wake aliupaka epoksi ngumu, ile inayopakwa kwenye boti.

Hatua ya 3: Madini

Hapa usipoteze muda. Raundi nyingi ni za chuma kilichopakwa nikeli: sauti ya katikati, hazili freti sana, zinafaa karibu kila kazi. Chuma kisichoshika kutu kina makali zaidi na kinakwaruza zaidi. Kuna zilizopakwa ngozi nyembamba ya plastiki kuzuia jasho. Bei yake iko juu, ila kwa mtu wa pwani anayetoka jasho sana zinarudisha gharama.

Hatua ya 4: Unene

Pakiti huandikwa namba nne, kwa mfano 45, 65, 85, 105. Ni unene wa G, D, A na E kwa sehemu za elfu moja za inchi. Hiyo ndiyo seti ya kawaida, na kama hujui pa kuanzia, anza nayo. Nyepesi ni 40 hadi 100 au 95, nzito 50 hadi 110. Besi ya nyuzi tano huongezewa B ya 125 au 130. Hapo chukua 130, maana B nyembamba hulegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Unene unakuhusu kwa sababu ya mkazo. Seti ya kawaida kwenye besi ya inchi 34 huvuta shingo kwa kiasi cha kilo 75 hadi 85 nyuzi zote nne pamoja. Besi ya inchi 30 ikifungwa unene ule ule, mkazo unapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Ndiyo maana besi fupi huhisi imelegea na hutaka nyuzi nene kidogo.

Kuna hesabu moja inayonisaidia kila mara. Bendi nyingi hushusha tyuni nusu hatua, yaani kiasi cha freti moja, ili mwimbaji asikwame juu. Ukishusha hivyo, mkazo unapungua kama asilimia 11, na nyuzi zinaanza kugonga freti. Kupanda kutoka E ya 100 kwenda 105 kunaongeza karibu asilimia 10. Kwa hiyo kama bendi yako inakaa nusu hatua chini moja kwa moja, panda daraja moja la unene na mkono wako utahisi kama zamani.

Hatua ya 5: Dukani

Fungua pakiti mbele ya muuzaji. Mimi niliwahi kununua seti Kariakoo kwenye pakiti safi inayong'aa, nikafika nyumbani nakuta uzi wa G una madoa ya kutu, na muuzaji hakukubali kuipokea tena. Tangu siku hiyo naangalia mambo matatu kabla ya kulipa: rangi iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kile kipete cha shaba mwishoni mwa uzi kisichezecheze, na waya wa juu usiwe na pengo popote. Soma namba pia, kwa sababu seti ya gitaa la kawaida na ya besi hukaa rafu moja.

Hatua ya 6: Kufunga

Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isiachiliwe mkazo wote kwa mpigo. Pitisha uzi mpya kwenye daraja, uvute mpaka kwenye kigingi chake, kisha upime hadi kigingi cha pili mbele yake. Kwa D na G, ambazo kwenye vichwa vingi hazina vigingi viwili mbele, acha kama sentimita 12.

Sasa simama hapo. Kabla ya kukata, kunja uzi kwa plaizi mpaka uwe pembe ya mraba, halafu ndiyo ukate mbele ya mkunjo. Mkunjo ndio unaoshikilia waya wa juu usifumuke. Nilijifunza hili kwenye harusi moja Temeke. Nilikata uzi wa A ukiwa umenyooka, kwa haraka, dakika chache kabla ya maharusi kuingia. Waya ukaachia ndani kwa ndani, bila kuonekana kwa macho, na A ikalia kama mpira usiku kucha. Niliikwepa kwa kubana freti ya tano ya E, na mkono ukafa ganzi.

Ingiza ncha kwenye tundu la kigingi, zungusha ukielekea chini, mizunguko miwili au mitatu. Ukishatyuni, bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele kidogo ya daraja na mbele kidogo ya ile pau ya kichwani, ukae sawasawa. Vuta taratibu katikati, tyuni tena. Rudia mpaka utulie.

Hatua ya 7: Irekebishe besi

Ukihama kutoka nyepesi kwenda nzito, au kutoka raundi kwenda flati, shingo itapinda kidogo. Bana E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie freti ya nane: panatakiwa kupita kadi ya biashara, yaani kama milimita 0.3. Pengo likizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki robo mzunguko, usubiri, upime tena. Usizidishe robo kwa mara moja. Kikigoma, mpelekee fundi.

Kisha linganisha freti ya 12 na ile sauti ya kengele unayopata ukiugusa uzi juu ya freti hiyo hiyo bila kubana. Iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha kitako cha uzi huo, kile kipande cha daraja unachokalia, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Hatua ya 8: Pwani yetu na chumvi yake

Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, hewa yenyewe ina chumvi, na jasho la ukumbini linaongezea. Weka kitambaa cha pamba kwenye begi, ufute kila uzi juu na chini unapomaliza kupiga, kabla hujasalimiana na mtu. Raundi zikianza kufifia na hela hakuna, zitoe uziloweke usiku mmoja kwenye spiriti, uzikaushe vizuri. Uchafu uliojibana kati ya waya unatoka, sauti inarudi kwa wiki kadhaa. Flati usiziloweke.

Nyuzi ulizotoa zikiwa bado nzima, zikunje kwa mduara, andika tarehe kwenye pakiti, uziweke chini ya begi pamoja na plaizi. D ikikukatikia katikati ya shughuli, ya zamani iliyokwisha nyooka inashika tyuni mara moja, na mpya itakuchezea mpaka wimbo wa tatu.